Nilisema Ni Mafua

Kuku akiumwa haonyeshi. Hilo ndilo nililojifunza kwanza, na ndilo nililowafundisha wanawake wote wa mtaa wetu. Kuku ana siri kuliko shemeji aliyefukuzwa kazi na bado anavaa shati kila asubuhi. Akiona unamtazama atajikaza, atadonoa chini hata kama hana hamu, atatembea kama mzima. Kwa hiyo unamtazama kwa mbali, umejibanza mlangoni na kikombe chako, kabla hajajua kwamba anatazamwa. Ukimwona amejitenga, amejikunyata, manyoya yametimka na shingo imezama mabegani, huyo ni mgonjwa hata kama jana alitaga.

Ndipo unamkamata. Unatazama upanga wa kichwani kama bado ni mwekundu au umepauka. Unapapasa kile kifuko cha chakula kifuani, maana asubuhi kinatakiwa kiwe kitupu na laini, na ukikikuta kigumu jua chakula kimekwama. Unaweka sikio mgongoni usikilize pumzi kama inakoroma. Unafunua mbawa utafute chawa. Mwisho unatazama kinyesi, na kama unaona kinyaa kutazama kinyesi, achana na kuku, fuga maua.

Elimu hiyo yote niliipata kwa ufagio. Nilifagia ofisi ya mifugo miaka kumi na minne. Wafugaji wakija na kuku zao kwenye vikapu, bwana mifugo akianza kuwaeleza, mimi nilikuwa nafagia pale pale mara tatu ili nisikie mwisho wa maelezo. Yeye ndiye aliyenipachika jina la Daktari, kwa utani tu, siku moja nilipomwonyesha mharo wa damu kabla hajauona mwenyewe. Ofisi nzima ilicheka. Mimi nililichukua lile jina nikaenda nalo nyumbani, na mtaani hakuna aliyejua kwamba lilianza kama mzaha.

Aliyejua ni Dada peke yake. Dada yangu ni mwalimu mstaafu, na kati ya nyumba yake na yangu kuna nyumba tatu. Yeye alisomeshwa. Mimi niliishia darasa la sita kwa sababu mtu alihitajika nyumbani, na mtu huyo nikawa mimi. Sijawahi kumsikia akinisimanga kwa hilo hata siku moja. Alikuwa akinisahihisha tu. Nikisema neno vibaya, yeye analirudia vile lilivyotakiwa kuwa, taratibu, kama anayemfuta mtoto kamasi, halafu mazungumzo yanaendelea. Miaka hamsini nimefutwa kamasi. Msione nacheka, lilikuwa linaniuma.

Kwenye kuku tu ndipo Dada alipokuwa akiniuliza mimi. Shemeji, mume wake, alipofariki, watoto wakawa mbali na wanapiga simu Jumapili kwa zamu, nilimpa mitetea watatu aondoe upweke. Mitetea watatu wakawa kuku ishirini na wawili. Aliwaita mahudhurio kila asubuhi akiwa amevaa miwani ya kusomea, na aliyechelewa kutoka bandani alisemwa. Siku moja aliniambia, "Mdogo wangu, bila hawa sina sababu ya kuvaa viatu asubuhi." Alisema akicheka, lakini mimi namjua.

Sasa, kuna ugonjwa wa kuku unaitwa kideri. Kideri hakina dawa. Kikiingia bandani kinafagia, na kuku unayemwona leo anazubaa, keshokutwa anazungusha shingo kama anatafuta kitu juu ya paa, halafu basi. Kinachosaidia ni chanjo tu, tone moja la jicho, na inabidi itangulie, kwa sababu inachukua kama wiki mbili kushika. Kichupa kimoja kinatosha kuku mia na zaidi, na hakuna mwenye kuku mia mtaani kwetu, na ukishakichanganya ni lazima kiishe asubuhi ile ile. Basi nyumba nane tulikuwa tunanunua kichupa kimoja kwa pamoja. Wao walikuwa na kuku, mimi nilikuwa na mkono.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu wake. Tulikinunua kwa Miwani, binti wa duka la dawa za mifugo pale kona, msichana mwembamba aliyekuwa anakitoa kwenye friji na kukitia kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu, kisha anakuhesabia maelekezo kwa vidole kana kwamba hujawahi kuyasikia. Naanza kwa Dada kwa kuwa ni mkubwa, naenda kwa Mama Pacha, halafu kwa Fundi wa cherehani, na kuendelea hadi nyumba ya nane, ambayo ni yangu. Nakaa kwenye kigoda, natandika mapajani kitambaa changu cha bluu kilichokatwa kwenye shuka kuukuu, namfunga kuku ndani yake abaki kichwa tu, natia tone moja, nasubiri apepese jicho, namwachia. Kila kuku wa mtaa alipita kwenye kitambaa kile. Nikimaliza naletewa maji ya kunawa, naletewa chai, natafutiwa kiti chenye mto. Nilikuwa napenda, siwezi kudanganya. Siku ile watoto walikuwa wanaambiwa wasipige kelele, Daktari yupo.

Mwaka huu tulichelewa. Binti yangu alijifungua, nikaenda kumlea, nikakaa huko miezi mitatu. Niliporudi nikakuta hakuna hata mmoja aliyekumbuka chanjo. Walikuwa wananisubiri, na mimi badala ya kukasirika nikaona fahari. Tukapanga Jumamosi.

Kabla ya Jumamosi hiyo kufika nilifanya ujinga. Nilinunua jogoo kwa mpita njia mwenye tenga la kuku kwenye baiskeli, jogoo mzuri, mkia kama ufagio mpya, nikamwingiza bandani siku ile ile. Mimi! Mimi ninayewahubiria watu kwamba kuku mgeni atengwe wiki mbili, na mtu akibisha namnunia. Nilimtazama nikaona mzima, nikasema huyu hana neno. Kumbe mganga hajigangi.

Alhamisi asubuhi nilijibanza mlangoni kama kawaida na nikamwona Mama Mkwe amejikunyata chini ya ngazi. Mama Mkwe ndiye aliyekuwa kuku wangu mkubwa, na jina lile lilimfaa, maana alikuwa akiingia ndani bila hodi, anazunguka jikoni akikagua, anatoka akilalamika. Asubuhi ile hakukagua chochote. Nilimkamata. Pumzi ilikuwa inakoroma, jicho moja lina povu, mdomo unatoa ute. Kinyesi kilikuwa cha kijani kama majani yaliyosagwa.

Mafua ya kuku nayo yanaleta povu jichoni. Yanaleta kukoroma. Lakini mafua yanavimbisha uso na makamasi yake yananuka, na uso wa Mama Mkwe haukuvimba, na nilimnusa mara mbili sikusikia harufu. Na mafua hayaleti kijani kile. Yote hayo niliyajua nikiwa nimempakata. Naomba mtu asiniambie kwamba sikujua. Nilijua kama ninavyojua njia ya kwangu.

Dada alipoingia na mayai kwenye kofia, nilikuwa bado nimempakata. Alisimama akamtazama kuku, akanitazama mimi.

"Huyu anaumwa," alisema.

"Naona."

"Si ungempeleka kwa anayejua?"

Hakusema kwa ubaya. Nimeirudia sauti yake kichwani mara nyingi, na kila mara naikuta ni sauti ya mtu anayeuliza tu. Lakini siku ile niliisikia kwa masikio ya darasa la sita. Damu ilinipanda. Miaka yote hii, mtaa mzima unaniita Daktari, na dada yangu mwenyewe anasimama uani kwangu ananiambia nimtafute anayejua.

"Anayejua ndiye huyu uliyemkuta," nilimwambia. "Ni mafua tu."

"Mafua?"

"Mafua tu, Dada. Nina dawa yake. Kufika Jumatatu anakagua jikoni."

Nilisubiri anisahihishe. Alifungua mdomo, akaufunga. "Haya," alisema. "Wewe ndiye unayejua." Akaniachia mayai akaenda zake, na mimi nikabaki nimevimba kifua kama yule jogoo.

Hapo ndipo ningekuwa na akili ningeweka kuku chini, nikanawa hadi viwiko, nikaenda nyumba saba nikasema neno moja. Kideri. Chanjo ingeahirishwa, kila mtu angefunga banda lake, nisingekanyaga uani kwa mtu. Lakini neno lile lingekuwa na mkia. Wangeuliza kimetoka wapi, na jogoo yule alikuwa amesimama pale anang'aa. Wangemwita bwana mifugo mpya, kijana mwenye pikipiki, na tangu siku hiyo kiti chenye mto kingekuwa chake. Na Dada angejua kwamba nilimjibu vile nikiwa najua. Nikajitia hamnazo. Nikachukua dawa ya mafua, nikamfunga Mama Mkwe kwenye kile kitambaa cha bluu, nikamnywesha kwa kijiko. Ijumaa nikamnywesha tena, na Jumamosi asubuhi tena, kisha nikakikung'uta kitambaa, nikakikunja na kukitia mfukoni kwenda kazini.

Mniulize kama sikujua kwamba kideri kinakaa kwenye nguo. Nilijua. Nilikifagia miaka kumi na minne. Lakini nilikuwa nimeshasema ni mafua, na mtu akishasema uongo mmoja huwa anauamini zaidi ya wale aliowadanganya. Kama ni mafua, kitambaa kina tatizo gani?

Nilianza kwa Dada. Ishirini na wawili wote, mmoja mmoja, mapajani pangu. Alikuwa ananiletea mwenyewe na kunitajia tabia zao, huyu mtundu, huyu mwoga, huyu anapenda kutagia kwenye viatu. "Dada yangu mdogo ana mikono miepesi," alimwambia Mama Pacha aliyekuja kunichukua. Katika maisha yangu yote hajawahi kunisifia mbele ya mtu. Nilikunywa chai yake vikombe viwili.

Jumapili saa nne asubuhi Mama Mkwe alipinda shingo. Alianza kuzunguka uani akitazama juu, anaanguka, anainuka, anazunguka tena. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Kama kuna mtu bado alikuwa anaamini mafua, ni mimi peke yangu, na mimi niliacha dakika ile.

Niliinuka nikaenda hadi getini kwa Dada. Nakwambia nilikwenda, miguu ilikwenda. Nilimkuta anaita mahudhurio. Waliitika wote. Alinigeukia na uso wa furaha akasema, "Hakuna hata mmoja aliyedhurika na yale matone. Ngoja nikupe mayai." Akanipa mayai manane, bado yana joto. Nilikuwa na neno mdomoni. Nikalimeza, nikasema asante, nikarudi na mayai. Njiani nilijiambia kwamba huenda chanjo itawahi. Chanjo inayotaka wiki mbili, nilikuwa naipa siku nne, maana kideri hakisubiri zaidi ya hapo.

Mama Mkwe alikufa Jumatatu. Nilimzika nyuma ya choo kabla majirani hawajaamka. Kitambaa nilikichoma.

Alhamisi Dada alituma mtu niitwe. Kuku wawili walikuwa wamejikunyata chini ya ukuta. Niliwatazama kwa mbali, kama nilivyomfundisha yeye, na sikuwa na haja ya kusogea.

"Mafua?" aliniuliza.

Angeniuliza kwa neno lingine lolote, labda ningesema. Lakini alinipa lile lile langu.

"Mafua," nilisema. "Yule wangu atakuwa amewaambukiza. Watenge hao wawili, wape dawa kwenye maji."

Akawatenga na akawapa dawa. Waliokataa kunywa aliwanywesha kwa kijiko, mama wa miaka sitini na sita amepiga magoti kwenye kinyesi, ananiuliza ni vijiko vingapi na mara ngapi kwa siku, na mimi namjibu. Viwili. Asubuhi na jioni. Namjibu kwa sauti ya Daktari. Mungu akitaka kunihukumu, asihangaike na mengine yote, anionyeshe siku zile mbili tu.

Walianza kupinda shingo Jumamosi. Kufikia Jumatano iliyofuata kwa Dada walibaki kuku wanne. Kwa Mama Pacha walibaki wawili, kwa Fundi hakubaki hata kifaranga. Mtaa uliokuwa unaamshwa na majogoo ukawa kimya, watu wakawa wanachelewa kazini. Kwangu pia walikwisha, ila yule jogoo. Yeye alibaki anawika.

Mkutano ulifanyika kwenye kibaraza cha Fundi wa cherehani, katikati ya vitambaa na mashine yake. Walikuja karibu wote. Nilikwenda nimeandaa maneno, naapa. Niliyapanga usiku na asubuhi nikayapanga upya: jamani, ni mimi. Maneno matatu tu. Lakini kabla sijakaa vizuri, Mama Pacha alikuwa ameshasimama mikono kiunoni.

"Kuku wangu walikuwa wazima," alisema. "Wametiwa yale matone, wiki moja tu wote chali. Kama si dawa ni nini? Yule binti ametuuzia sumu."

"Friji lake umeme ulikatika," Fundi alidakia. "Mimi nilipita nikaona giza dukani."

"Daktari yupo hapa," Mama Pacha alisema. "Tumwulize. Daktari, ile dawa ilikuwa sawa?"

Wote waligeuka. Hakuna aliyenitazama kwa shaka, hata mmoja. Walikuwa wananionea huruma, maana na mimi nilikuwa nimefiwa. Dada alikuwa amekaa pembeni kwenye benchi, mikono mapajani, ananitazama kama alivyokuwa akitazama darasa analosubiri linyamaze.

Ile chupa ya chai niliifungua mwenyewe Jumamosi ile. Barafu ilikuwa nzima, imeganda, ilinichoma vidole.

"Barafu ilikuwa imeyeyuka," nilisema. "Niliona, lakini nikadhani haitadhuru."

Kibaraza kililipuka. Nilijipa kakosa kadogo mle ndani ili kaonekane ka ukweli, na kakaonekana. Mama Pacha alinishika bega akasema nisijilaumu, si kosa langu, mimi nina moyo wa kuamini watu. Wakakubaliana kwamba hakuna atakayenunua tena kitu kwa Miwani, na kila mmoja awaambie ndugu na majirani zake. Na kwa kazi ya kuambia watu, mtaa wetu hauna mpinzani.

Dada aliinuka akashika njia ya kwake. Nilimfuata hadi getini kwake, na pale akageuka, akafunga geti, yeye ndani mimi nje.

"Wangu ndio waliotangulia kufa," alisema. "Kisha wa Mama Pacha. Kisha wa Fundi. Na wewe ulianza kwangu, ukaenda kwa Mama Pacha, ukaenda kwa Fundi. Dawa mbovu inaua kwa foleni?"

Nilirudi hatua moja nyuma.

"Yule kuku wako alikufa lini?"

"Jumatatu."

"Na mimi nilimwona Alhamisi kabla ya chanjo. Nikakuuliza."

"Uliniuliza, Dada."

"Ukasema mafua." Alishika nondo za geti. Macho yake yalikuwa makavu, afadhali angelia. "Nilikuwa naona kabisa si mafua. Nina kitabu cha ufugaji, ninasoma. Nilitaka kukusahihisha, mdogo wangu. Halafu nikajiambia, mwache. Maisha yako yote umemsahihisha, siku moja mwache. Nikakuachia kuku wangu."

Nilisukuma geti kidogo, likagoma.

"Pale kibarazani mbona hukunisema?" nilimwuliza mwishoni.

"Nilikuwa nakusubiri useme. Nakusubiri bado. Nenda kawaambie, halafu njoo. Geti hili nitalifungua mwenyewe."

Kuna methali ya mficha maradhi. Dada aliifundisha darasani miaka thelathini, na siku ile hakunitajia. Ningependa angeitaja. Angenipa cha kumkasirikia.

Wiki ikapita, na ya pili. Kila asubuhi nilivaa nikisema leo. Nikifika kibarazani, Fundi ananivutia kiti, mazungumzo yanaendelea, nami najiambia nisiyakatize. Dada nikimwona kwa mbali alikuwa na kuku wake wanne anawalisha, na miguuni amevaa kandambili. Hakuwa anaita mahudhurio tena. Wanne unawaona kwa jicho moja.

Siku ya Jumanne nilipita kona nikakuta mlango wa duka la dawa uko wazi nusu na ndani rafu ni tupu. Miwani alikuwa anapanga chupa zilizobaki kwenye maboksi. Friji lilikuwa limechomolewa, limefunguliwa mlango likauke. Nilisukuma mlango nikaingia.

"Shikamoo, mama," alisema bila kuacha kazi. "Tumefunga. Nahamia kwa kaka yangu, sijui kama huko nitapata pa kuuzia."

"Barafu ilikuwa nzima," nilimwambia.

Aliinua kichwa.

"Jumamosi ile. Barafu yako ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyesema imeyeyuka."

Nilitegemea apige kelele. Nilitaka apige kelele. Alikaa juu ya boksi.

"Najua ilikuwa nzima," alisema. "Niliiweka mwenyewe. Walipokuja kunitukana niliwaambia, wakasema Daktari ameona kwa macho yake." Alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya gauni. "Kuku wako alianza kuumwa lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi kabla ya chanjo? Na ulimnywesha dawa? Ulimshika kwa kitu gani?"

"Kwa kitambaa kile cha kazi."

Alitikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira, alikuwa anahesabu maelekezo yake kwa vidole kama kawaida, akitafuta ni kipi alisahau kuniambia. Hakukuwa na alichosahau.

"Ungepita hapa Alhamisi ile," alisema, "ningekuambia funga banda lako, usiguse kuku wa mtu. Kwa mama Mwalimu wangekuwepo wote ishirini na wawili. Angekufa kuku wako tu, mama, na walio banda moja naye."

"Nisamehe, mwanangu."

"Mimi si wa kuambiwa hayo. Kawaambie wao, wako pale kibarazani, hata sasa hivi nasikia cherehani." Alirudisha miwani usoni. "Nisaidie kamba hiyo."

Nilishika kamba mpaka alipomaliza kufunga boksi. Gari la kaka yake lilikuwa limesimama mwisho wa mtaa, na kufika pale ni lazima upite kibarazani kwa Fundi. Nikamwambia nitambebea moja. Nilimaanisha. Nilijiambia tukifika pale nitasimama, yeye akiwa kando yangu, nitaweka boksi chini nitasema, na baadaye nitakwenda moja kwa moja getini kwa Dada.

Wanawake walikuwa wamekaa kama kawaida. Cherehani ilinyamaza tulipokaribia. Mama Pacha alimtazama Miwani juu mpaka chini, kisha akanitazama mimi na boksi langu begani, na uso wake ukang'aa.

"Hivyo ndivyo," alisema. "Umtoe wewe mwenyewe, Daktari. Sisi angetuzungusha."

Wengine wakapiga makofi. Miwani alisimama. Hakunigeukia, alitazama mbele tu, akasubiri. Alisubiri muda wa kutosha kwa mtu kusema maneno matatu, hata sita.

Nikahamisha boksi bega la pili, nikawaambia hamjambo, tukaendelea kutembea.